Mtambo wa Simu na Anayeutolea Amri

Wengi wetu tuna simu za kulipia kwanza. Ukibonyeza namba ya nyumbani, simu haiendi huko moja kwa moja. Mtambo wa kuunganisha huizuia kidogo na kuiuliza kompyuta iliyo mbali: "Huyu ana salio?" Kompyuta hutazama daftari lake, hujibu, ndipo mtambo huunganisha au hukataa. Salio likiisha katikati ya mazungumzo, amri ya kukata hutoka huko huko.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya opereta. Yeye ndiye aliyechomeka waya na kuandika muda wa kulipiwa. Ikaja mitambo ya kujiunganisha yenyewe, lakini kila mmoja ulikuwa na akili yake. Kampuni ikitaka huduma mpya, mafundi walikwenda kituo kwa kituo.

Huko Marekani kampuni ya AT&T ilianza kutumia mtambo mkubwa unaoongozwa na programu mwaka 1965, mjini Succasunna, New Jersey. Mwaka 1981 ikaweka kompyuta za pembeni zenye daftari la namba 800, zile ambazo mpigiwa ndiye mlipaji. Tangu hapo namba moja iliweza kupelekwa ofisi hii mchana na ofisi nyingine usiku, kwa kubadili maagizo katika daftari tu.

Hapa ndipo penye jambo letu. Agosti 1983 wafanyakazi wa simu wapatao 700,000 waligoma huko Marekani kwa wiki tatu hivi. Simu za kupiga mwenyewe ziliendelea kupita, maana mitambo haigomi. Kwa zile zilizohitaji opereta, wakubwa wa kazi waliketi wenyewe kwenye viti.

Lakini tusidanganywe kwamba mashine haimhitaji mtu. Tarehe 15 Januari 1990 mtambo mmoja wa AT&T huko New York ulipata hitilafu ndogo, ukajirekebisha. Ulipowaarifu wenzake kwamba umepona, habari hiyo ikawaangusha, kwa sababu programu mpya waliyotiwa wote ilikuwa na kosa. Mitambo 114 ikawa inaanguka na kuinuka. Kwa saa 9 karibu nusu ya simu za masafa za kampuni hiyo hazikupita, mpaka mafundi walipoutuliza mtandao. Amri moja ikienda kila mahali, kosa nalo huenda kila mahali.

Nasi wa viwandani na mashambani tunaletewa mashine za namna hii. Mizani ya majani ya chai siku hizi huandika kilo yenyewe. Basi katika mapatano na mwajiri tudai mambo matatu: tuambiwe kabla mashine haijafika; wanaofanya kazi hiyo sasa wafundishwe kuitumia; na mjumbe wa chama aruhusiwe kukagua daftari lake. Mashine haiamui mshahara wetu. Anayeamua ni yule anayeiandikia maagizo, na huyo ana ofisi tunayoijua.