Kuhesabiwa Haki kwa Imani (3): Ibrahimu Alihesabiwa Lini?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye neno "kuhesabiwa". Tumelisikia sana kanisani hadi halitushtui tena. Neno la Kigiriki analolitumia Paulo, logizomai, lilikuwa pia neno la watu wa hesabu. Mwenye duka anapofungua daftari la madeni na kuandika kiasi mbele ya jina la mtu, hicho ndicho kitendo chenyewe. Na katika Warumi 4 Paulo anaongeza mfano wa kibarua: akipokea ujira wake hajapewa zawadi, amelipwa haki yake. Asiye na ujira wa kudai, lakini akamwamini Mungu, huandikiwa haki ambayo hakuitolea jasho.

Shahidi wa Paulo ni Ibrahimu. Katika Mwanzo 15 anatolewa nje usiku, mzee asiye na mtoto, anaambiwa azihesabu nyota kama ataweza. Akaamini, akahesabiwa haki. Hapo Paulo anauliza: hilo lilitokea lini, kabla ya kutahiriwa au baada? Tuhesabu wenyewe. Ishmaeli anazaliwa katika sura ya 16, baba yake akiwa na miaka 86. Tohara inafuata katika sura ya 17, Ibrahimu ana miaka 99. Kwa hiyo kwa miaka isiyopungua 13 aliishi akiwa mwenye haki mbele za Mungu pasipo alama yoyote mwilini. Kwa waumini wa Rumi wasio Wayahudi, miaka hiyo ilikuwa kila kitu: Ibrahimu alikuwa baba yao pia, bila wao kutahiriwa.

Sasa Yakobo. Katika sura ya 2 ya waraka wake anamtaja Ibrahimu huyo huyo, tena kwa andiko lile lile la nyota, lakini anasisitiza siku nyingine kabisa, ya Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Ajabu ni kwamba maneno "imani peke yake" hupatikana mahali pamoja tu katika Agano Jipya, napo ni hapo kwa Yakobo, anapoyakataa. Luther alipotafsiri Warumi 3:28 kwa Kijerumani mwaka 1522, aliliongeza neno "peke yake", na waraka wa Yakobo akauona mwepesi kama majani makavu. Namheshimu Luther, ila hapo naona alimkosea Yakobo. Imani anayoikemea Yakobo ni ya mtu anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamwaga kwa maneno mazuri, mkono mtupu. Paulo naye asingeiita hiyo imani; kwa Wagalatia, sura ya 5, anataka imani inayotenda kazi kwa upendo.

Wiki ijayo tutaingia katika Mtaguso wa Trento, Januari 1547, ambako swali lilikuwa jingine: je, Mungu humhesabu tu mtu kuwa mwenye haki, au humfanya awe hivyo?