Matamvua ya Aksoloti

Samaki huyaficha matamvua yake chini ya vifuniko vya mashavu, lakini aksoloti, salamanda wa majini ambaye asili yake ni maziwa ya bonde la Mexico na ambaye makao yake yaliyosalia ni mifereji ya Xochimilco, huyabeba nje ya kichwa, matawi matatu kila upande, kila tawi limevikwa nyuzi laini nyekundu. Kiluwiluwi wa chura hupoteza matamvua kabla ya kutoka majini. Aksoloti aghalabu hubaki nayo mpaka kufa, akakua na kuzaa hali umbo lake ni la utotoni.

Wekundu ule ni wa damu, ambayo hupita ndani ya nyuzi ikitenganishwa na maji kwa utando mwembamba mno, ikatwaa oksijeni na kutupa hewa chafu. Hapo pana neema na hatari pamoja, maana utando ulio mwepesi kupitisha hewa hauna nguvu ya kuzuia sumu. Amonia, itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula, huziunguza nyuzi, zikafupika na kupukutika. Katika tangi lililokomaa bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo kali sana. Lakini bakteria hao huchukua majuma kadhaa kustawi, na mfugaji mwenye pupa, amtiaye mnyama katika tangi lililojazwa jana, humtia katika sumu isiyoonekana kwa macho. Amonia na nitriti hazina budi kuwa sifuri. Klorini ya maji ya bomba iondolewe. Na joto liwe kati ya digrii 16 na 18 za Selsiasi, kwa kuwa maji yenye joto hupungukiwa na oksijeni wakati uleule mwili unapoihitaji zaidi.

Dalili zataka kusomwa kwa utulivu. Matamvua yakipauka kidogo mnyama akiwa amepumzika, au akiyapunga mara mojamoja, hakuna dhara. Yakikunjika kuelekea mbele ya uso, na ncha ya mkia ikajikunja, mnyama yu katika dhiki, na mara nyingi sababu ni mkondo mkali wa kichujio. Vishada vyeupe mithili ya pamba ni kuvu, ambayo hupenda kushika palipojeruhiwa. Kusinyaa kwa matawi yote pamoja na mapezi ya mkia ni jambo la nadra, nalo laweza kuwa mageuko yale aliyoyaeleza mtaalamu wa wanyama Auguste Duméril mjini Paris mwaka 1865, alipoona baadhi ya aksoloti wake wakigeuka wanyama wa nchi kavu.

Tiba ya kwanza ni kumhamishia mgonjwa katika chombo cha maji safi, baridi, yasiyo na klorini, yabadilishwayo kila siku. Wafugaji wengi hutia humo rangi ya majani makavu ya mkungu, mti ule ule wa pwani yetu. Kuvu ikizidi, mwogesho mfupi wa chumvi, usiopita dakika 10, hutumika kwa hadhari. Kuvu isibanduliwe kwa vidole. Maumbile yamemjalia kiumbe huyu uwezo wa kuotesha upya matamvua yaliyokatika, lakini hayaoti vema katika maji yaleyale yaliyoyaunguza. Basi mfugaji na ayapime maji kabla ya kununua dawa.