Ndege Ikianguka, Wachunguzi Wanatafuta Nini?

Mfanyakazi mwenzetu, wewe wa Kazimia ukitaka kwenda Baraka au Kalemie unapanda mashua, na habari za ndege unaziona ni za wakubwa. Zisome hata hivyo. Utakuta ndani yake shimo lako na mashini yako.

Jumapili, tarehe 12 Februari 2012, ndege ndogo ya binafsi aina ya Gulfstream ilikuwa inatua Kavumu, kiwanja cha ndege cha Bukavu. Haikusimama. Ilipita mwisho wa njia yake ikaporomoka bondeni. Alikufa Augustin Katumba Mwanke, aliyekuwa zamani gavana wa Katanga na kisha mshauri wa Rais Joseph Kabila. Marubani wake wawili walikufa pia. Waziri wa fedha Matata Ponyo na gavana wa Kivu ya Kusini, Marcellin Cishambo, waliumia.

Mkubwa akifa hivyo, unajua vinywa vya watu: ametegewa, amelogwa, rubani alikunywa. Mchunguzi anaacha maneno hayo mlangoni. Yeye anachukua kamba ya kupimia.

Anatafuta kwanza alama za magurudumu: ndege iligusa chini wapi? Njia ya Kavumu ina meta 2,000 hivi. Ndege inayokimbia kilometa 240 kwa saa inapita meta 66 kwa sekunde moja. Rubani akichelewa sekunde tatu kugusa chini, meta 200 zimekwisha liwa. Tena Kavumu iko juu, meta 1,700 na zaidi kupita bahari. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inatua na mbio zaidi kuliko pwani, na freni zinahitaji nafasi kubwa zaidi, karibu moja ya tano juu. Kama mvua imenyesha, gurudumu linaweza kuelea juu ya maji, na freni hazishiki kitu. Kwa hiyo mchunguzi anauliza pia habari za mawingu na upepo, uzito wa mizigo, na saa ambazo rubani alilala.

Halafu anatafuta kile kisanduku wanachokiita cheusi, kumbe kimepakwa rangi ya machungwa ili kionekane haraka. Kimoja kinashika sauti za marubani, kingine kinaandika mwendo wa ndege. Vimetengenezwa kuvumilia moto wa digri 1,100 kwa saa nzima.

Kazi hiyo inaongozwa na nchi ambamo ndege imeanguka. Nchi iliyoiandikisha na nchi iliyoitengeneza zinaruhusiwa kutuma watu wao. Kanuni ya mataifa, iliyopitishwa mwaka 1951, inasema wazi kwamba uchunguzi huu ni wa kuzuia aksida nyingine, si wa kumtafutia mtu kosa. Polisi na hakimu wana kazi yao, mbali. Ripoti ya kwanza inatakiwa ndani ya siku 30. Ile ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12.

Linganisha na machimbo. Ukuta umeanguka juu ya mwenzetu: mara nyingi tunasafisha haraka ili kazi iendelee, na swali la kwanza ni "nani alikosa?" Hapo shahidi anaogopa mkate wake, ananyamaza, na ule mti uliooza unabaki kushikilia ukuta wa pili.

Kwa hiyo, siku aksida ikitokea mbele yako, waokoe kwanza walio hai. Ukilazimika kusogeza kitu ili kumtoa mtu, kumbuka kilikuwa wapi. Mengine yote yaache palepale, weka mlinzi, mwite mkubwa wa usalama. Andika saa na uliyoyaona kwa macho yako, kabla hujasikia wenzako wanasema nini. Na kama ni ndege iliyoanguka shambani kwako, usibebe hata kipande kimoja cha bati kwenda kuezeka nyumba ya kuku.