K: Herufi moja, mpaka mmoja, maana kibao

Ukifika Lunga Lunga, simama dakika kumi hivi kando ya ile barabara ya kutoka Likoni, pale malori yanapopunguza mwendo kabla ya kituo cha mpakani. Usiangalie kitu kingine, soma nambari za magari tu. K. K. T. K. T. T. Ya K ni ya kwetu, ya T yametokea Horohoro na Tanga. Bodaboda nazo vivyo hivyo: ya Kenya huanza na KM, ya Tanzania na MC. Mtoto wa darasa la pili hapa hahitaji ramani kujua nani katoka wapi. Herufi moja imemaliza kazi.

Sasa jiulize, hiyo K yetu ilitoka wapi? Utasema, si Kenya? Sawa. Lakini Kenya yenyewe kama jina la nchi haina umri mrefu hivyo. Mmisionari Krapf aliuona mlima kutoka Ukambani mwaka 1849, Wakamba wakamtajia jina lao, naye akaliandika alivyolisikia. Miaka mingi baadaye, 1920, Waingereza wakalichukua jina la mlima wakalipa koloni zima. Kabla ya hapo eneo hili liliitwa tu himaya ya Afrika Mashariki, na ile alama ya kimataifa ya magari yetu ilikuwa EAK, ya Tanganyika EAT, ya Uganda EAU, ya Zanzibar EAZ. Na hata ilipofika 1920, mwambao wa pwani, Vanga ikiwemo, haukuwa koloni. Ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar, umekodishwa kwa Waingereza, na ukabaki hivyo hadi 1963. Kwa hiyo babu wa babu yako wa Vanga hakuwa na K yoyote ya kujivunia.

Mpaka wenyewe ulichorwa 1886, Waingereza na Wajerumani wakiwa Ulaya na ramani zao. Walianzia mdomo wa Mto Umba, wakavuta mstari kuelekea Ziwa Victoria, wakaukunja kidogo kuzunguka Kilimanjaro. Wadigo wakajikuta wako pande zote mbili. Hawakuulizwa. Mpaka leo Mdigo wa Lunga Lunga ana mjomba Tanga, na msiba ukitokea kule, huku watu hupanda gari kwenda kuzika.

Na hapa ndipo herufi inapoanza kuleta mambo. Sisi Waswahili tunasema Kidigo, Kiduruma, Kisegeju. Muulize mwenye lugha. Atakwambia Chidigo. Jirani yake atakwambia Chiduruma. Pale Kiswahili kinapoweka ki-, wao huweka chi-: kitu ni chitu, kitabu ni chitabu. Hata Wavumba wa huko Vanga na Wasini, ambao ni Waswahili kabisa, lahaja yao wenyewe huiita Chivumba. Yaani K ya "Kidigo" ni jina ambalo Mdigo amepewa na mgeni, ingawa amelizoea kiasi kwamba akiongea Kiswahili analitumia bila kufikiri. Kuna kamusi nzima ya lugha hiyo, inaitwa Mgombato, ilitoka 2004, ina Chidigo, Kiingereza na Kiswahili. Ukiipata, ifungue kwenye ch uone ilivyojaa.

Fikiria basi mtoto wa Mdigo siku za kwanza shuleni. Nyumbani ni ch, darasani ni k, na kalamu nyekundu haina muda wa kumweleza kwamba hajakosea, ila ameandika lugha nyingine. Mimi naona hilo si jambo dogo. Mtoto akifundishwa kwamba kwao wanasema hivi na shuleni wanasema vile, atabeba zote mbili. Akifundishwa kwamba kwao wanakosea, ataacha moja, na unajua ni ipi.

Tuiache Kwale kidogo, twende mbali zaidi. Herufi K ilianza kama mkono. Wafoinike, wale wafanyabiashara wa baharini wa pwani ya Lebanoni ya leo, walikuwa na herufi waliyoiita kaf au kap, maana yake kiganja. Ukiitazama K leo, ukajilazimisha kidogo, unaweza kuona vidole vimetanuliwa. Wayunani waliichukua wakaiita kappa, wakaigeuza itazame upande wa pili kwa kuwa wao waliishia kuandika kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa Waarabu ikawa kaf, na kiganja kwa Kiarabu ni kaff hadi leo. Kama ulipita madrasa, basi jamaa huyu unamfahamu tangu utotoni, hukujua tu kwamba yeye na K ya kitambulisho chako ni ndugu wa damu.

Warumi waliidharau. Walikuwa nayo lakini wakapendelea C, K wakaiachia maneno machache sana. Ndiyo sababu Kiingereza kinakusumbua: cat kwa C, kitchen kwa K, queen kwa Q, na zote sauti ni ileile. Kiswahili cha herufi za Kirumi hakikutaka huo mchezo. Q hatuna, X hatuna, C peke yake hatuna. Sauti ni moja, herufi ni moja. Kahawa ni mfano mzuri: Waarabu wanaiandika kwa qaf, Waingereza wakaipa C, sisi tukaipa K na tukaendelea kunywa.

Lakini usafi huo una gharama yake. Kiarabu kina k mbili, kaf na qaf, na sisi zote tumezitia kwenye gunia moja. Kitabu kilikuja na kaf. Kalamu ilikuja na qaf. Kadhi, qaf. Kwetu hakuna anayejali, ila mwalimu wa madrasa anajali sana, maana kwa Kiarabu qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Ukisoma ovyo, moyo wa mtu unabweka.

Kuna K nyingine tuliyoipoteza, na hii inaniuma zaidi kwa sababu ni yetu wenyewe. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa Afrika Mashariki walikutana Mombasa, mji wa Kimvita, wakaamua Kiswahili cha vitabuni kitakuwa Kiunguja. Mzee wa Mvita ana k mbili kinywani. Ile ya kawaida, na ile inayotoka na pumzi, ambayo wataalamu huiandika k'. Kaa bila pumzi ni kaa la moto, lile la kuweka jikoni. K'aa yenye pumzi ni yule wa mikokoni, mwenye magando. Paa nayo vilevile: bila pumzi ni paa la nyumba, na yenye pumzi ni mnyama. Maandishi sanifu hayakuitia hiyo pumzi alama yoyote. Sikio la mpwani linasikia vitu viwili, karatasi inaonyesha kimoja. Wapo waliojaribu kurekebisha: Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, akishirikiana na P.J.L. Frankl, alichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya jinsi ya kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kiarabu. Kazi nzuri. Ni wangapi kati yetu wameisikia?

Haya, turudi kwa K unayoitumia kila siku, ile ya pesa. "Nitumie 2K." Hiyo ni kilo, kutoka neno la Kiyunani la elfu, ambalo Wafaransa walilichukua mwaka 1795 walipokuwa wakipanga vipimo vyao vipya. Kwa hiyo kilo ya sukari dukani ni gramu elfu, na 2K ya M-Pesa ni shilingi elfu mbili. Neno ni lilelile. (Mwalimu wa fizikia atakwambia ya elfu ni k ndogo, na K kubwa ni kelvin, kipimo cha joto. Mwache, hajakopa.) Vijana wa Nairobi wana ngiri na thao, wa upande wa Tanga wana buku. Ila jihadhari mpakani: 1K ya Kenya na 1K ya Tanzania si ndugu kabisa. Elfu yetu ikibadilishwa inakuwa zaidi ya elfu kumi za kule, kwa hiyo mtu akikuandikia bei kwa K, muulize kwanza K ya wapi.

Halafu kuna K ya meseji. Umeandika aya nzima, umeeleza hisia zako, umetia na emoji. Unajibiwa "K". Hapo huhitaji kamusi, umeachwa. Na ipo K moja zaidi ambayo vijana mnaijua na mhariri hataki niitaje. Tupite.

Darasani utakutana nayo kwenye kemia. Kwa nini potasiamu ni K wakati neno lenyewe halina K mwanzoni? Kwa sababu kwa Kilatini cha wanasayansi ni kalium, na neno hilo lina mizizi kwenye al-qali ya Waarabu, majivu ya mimea. Lile jina la Kiingereza nalo ni majivu, ya chunguni. Humphry Davy alipoitenga madini hiyo mwaka 1807 alianza na vitu vya jamii ya majivu. Kwa hiyo unapokunywa dafu pale Lunga Lunga, lenye potasiamu tele, unakunywa qaf ya Kiarabu iliyogeuka K.

Narudi kwenye ile K ya nambari za magari, kwa sababu gari kuipata ilikuwa rahisi kuliko baadhi ya watu. Kwale kuna Wamakonde ambao wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto wakazaliwa hapa, na wajukuu pia, bila kitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wavuvi wa pwani hii walisubiri hadi 2023. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa. Yaani kuna vijana wa rika lako, hapahapa Kwale, ambao kutumiwa 2K kulihitaji simu ya mtu mwingine, na kumwomba mtu huyo asizile.

Siku hizi simu wanazo. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la kuuza na kununua huku kusini uandike "Nauza kaa, bei nafuu". Halafu subiri uone nani atakuuliza ni wa gunia au wa kupika na nazi.