Chaguzi Tatu, Vyama Vitatu: Kwani Watu wa Tarbaj Wanaamini Nani?

Cheki hii. Mwaka wa 2013 Tarbaj ilichagua mbunge wake wa kwanza kabisa, Mohamed Elmi, kwa tiketi ya ODM. 2017 ikamchagua Ahmed Bashane Gaal wa PDP, chama ambacho ukiuliza wasee kumi pale Kencom, pengine hakuna hata mmoja atakwambia rangi zake. 2022 kiti kikaenda kwa Hussein Abdi Barre wa UDA. Chaguzi tatu, vyama vitatu. Na hiyo 2022, wakati UDA inabeba ubunge hapo, kaunti nzima ya Wajir ilimpa ugavana Ahmed Abdullahi wa ODM, na kura nyingi za urais zikaenda kwa Raila Odinga.

Ukisoma hii ukiwa Nairobi unaweza sema hawa watu hawana msimamo. Zii. Msimamo wanao, tena mkali. Ni vile tu hawauweki kwa chama.

Halafu kabla sijasahau: Tarbaj iko Wajir, kwa barabara inayopanda kwenda Kutulo na Mandera. Kila saa kuna mtu anaiweka Garissa. Kwa watu wengi wa huku chini, kila kitu baada ya daraja la Tana ni "Garissa" tu, na hiyo peke yake ishakuonyesha shida ya hii story iko wapi.

Unajua zile grafu za kura ya maoni zinazunguka kila baada ya miezi kadhaa? "Asilimia fulani ya Wakenya wanasema nchi inaelekea kubaya." Watu wanaposti, wanarushiana maneno, kesho yake zimesahaulika. Zikifanywa vizuri huwa zina maswali ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kazi: serikali inafanya vizuri au vibaya kwa bei ya vitu, ajira, hospitali, maji, usalama, barabara, ufisadi? Ya pili ni ya imani: unamwamini rais kiasi gani? Bunge je? IEBC? Polisi? Chama tawala? Upinzani? Afrobarometer, ambao wamekuwa wakiuliza Wakenya haya mambo tangu miaka ya 2000, wanayatenganisha kabisa, na wako sawa. Mtu anaweza kusema barabara imetengenezwa fiti na bado asikuamini hata na mbuzi wake mmoja.

Sasa tupige hesabu kidogo, na ni ya kawaida tu, usikimbie. Afrobarometer wakija Kenya huongea na watu wazima 2,400. Kwa nchi nzima hiyo inatosha, makosa yanakuwa kama alama 2 juu au chini. Sensa ya 2019 ilisema Kenya ina watu 47,564,296 na Wajir 781,263. Gawanya. Wajir inapata kama watu 39 kati ya wale 2,400, na pengine wachache zaidi kwa sababu Wajir ina watoto wengi na watoto hawahojiwi. Kwa watu 39 makosa yanaruka hadi karibu alama 16. Yaani ukiambiwa asilimia 40 ya watu wa Wajir wanafurahia serikali, ukweli unaweza kuwa 24, unaweza kuwa 56. Hiyo ni kama mtu akuambie mechi iliisha sare ama tulifungwa tatu, chagua.

Na Tarbaj yenyewe? Wajir ina maeneo bunge sita. Hao wa Afrobarometer huhoji watu 8 kwa kila kituo wanachochagua, kwa hivyo Tarbaj inaweza kupata kijiji kimoja, ama isipate kitu. Kampuni zinazotumia simu nazo huunganisha kaunti kadhaa za kaskazini kuwa ukanda mmoja. Mchungaji mwenye yuko na ngamia siku tatu kutoka mahali kuna netiweki hapigiwi simu. Milingoti imewahi kulipuliwa huko na al-Shabaab, na mlingoti ukianguka kijiji chote kinapotea kwa grafu.

Hata ile 781,263 watu wanaibishania. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilifuta matokeo ya sensa ya 2019 kwa Garissa, Wajir na Mandera na kuagiza watu wahesabiwe upya. Kama hata idadi ya watu iko kortini, utajua aje wanafikiria nini?

Walishaulizwa, na wakajibu

Hapa ndo mimi huona story inaanza kuuma. Kuna wakati mmoja watu wa huko waliulizwa maoni yao vizuri kabisa, na serikali yenyewe. Ilikuwa 1962. Uhuru unakaribia, Waingereza wanataka kujua watu wa Northern Frontier District wanataka kubaki Kenya ama kuunganishwa na Somalia. Wakatuma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada. Tume ikazunguka, ikakaa na wazee, ikasikiliza mikutano. Ripoti ikatoka Desemba mwaka huo: maeneo ya Wasomali, Wajir ikiwemo, karibu wote walitaka kujitoa.

Machi 1963 jibu likaja kutoka London. Hapana, mtabaki, tutawapa jimbo lenu. Watu wengi wa huko wakasusia uchaguzi wa Mei 1963. Kabla mwaka uishe Kenya imepata uhuru, na kaskazini mashariki imetangaziwa hali ya hatari. Vita vya shifta vikaendelea hadi 1967, na zile sheria za hatari zikakaa kwa vitabu hadi 1991.

Sisemi walichotaka kilikuwa sawa ama si sawa. Leo hautapata wengi Wajir wanaotaka kwenda Somalia, wanataka lami na kitambulisho kama wewe. Lakini fikiria: mara ya kwanza kabisa mtu wa serikali anakuuliza "maoni yako ni gani," unamwambia, na kinachofuata ni amri ya kutotoka nje. Halafu Februari 1984 wanaume wa Kidegodia wanakusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje tu ya mji wa Wajir, na mauaji yanafanyika hapo. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ripoti ya tume ya ukweli, TJRC, ya 2013, ilisema wanaweza kukaribia elfu moja.

Kwa hivyo kijana na kompyuta yake ya mkononi akibisha leo aulize mzee wa miaka 70 kama anaamini polisi, huyo mzee anapima mambo mengi kabla afungue mdomo. Afrobarometer wanajua hili. Mwisho wa mahojiano huwa wanauliza: unafikiri nani ametutuma? Na hata baada ya kujitambulisha, kuna watu hujibu: serikali.

Kazi ya nani?

Sasa tuje kwa mambo yenyewe, maana hapa ndo lawama hupigwa hadi kwa mtu si wake.

Mwaka wa fedha wa 2022/23 Wajir ilitengewa karibu shilingi bilioni 9.5 kutoka mgao wa kaunti. Hiyo ni doo ya gavana, na kazi zake ni hospitali, zahanati, maji, mifugo, barabara ndogo. Kisima kikikauka Tarbaj, hapo ni kaunti kwanza. Polisi, walimu, vitambulisho na barabara kuu ni Nairobi. Mbunge ana NG-CDF, basari na madarasa. Rahisi, si ndio? Lakini kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mizoga ikajaa kando ya barabara Wajir nzima, na mtu aliyepoteza mifugo yote hakai chini kusoma Katiba ajue amkasirikie nani. Anawakasirikia wote. Na hapo kwa kweli siwezi mlaumu.

Usalama na shule ni kitu kimoja huko. Februari 2018 walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. TSC ikaondoa walimu wengi waliotoka nje ya eneo, na kuna shule zilibaki na mwalimu mmoja, ama zikafungwa. Swali la "serikali inashughulikia aje elimu" likiulizwa Kiambu, mzazi anafikiria karo na mtaala mpya. Likiulizwa Tarbaj, mzazi anafikiria kama mwalimu yuko. Swali ni moja, lakini ni vitu viwili tofauti, na kwa grafu vinawekwa pamoja.

Barabara, tupite haraka: ile ya Isiolo–Wajir–Mandera, zaidi ya kilomita 700, inajengwa kwa pesa zikiwemo za mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2020. Ikifika, bei ya unga itaongea yenyewe.

Kitambulisho ndo kubwa. Kwa miongo, kijana wa kaunti za mpakani akifika 18 hakuwa anaenda kuchukua kipande kama wewe ulivyoenda. Alikaa mbele ya kamati, chifu, wazee, watu wa usalama, athibitishe yeye ni Mkenya. Alete cha baba, cha mama, wakati mwingine na cha babu. Kamati inakaa siku chache kwa mwaka, ukikosa, ngoja. Bila kipande hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna benki, kazi ni ngori, karao akikushika unalala ndani. Na hakuna kura. Kuna wengine Garissa walioandikwa kambini Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, wakaja kuambiwa wao ni wakimbizi kwa sababu alama zao za vidole ziko huko.

Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kumaliza huo msako wa ziada. Kwa watu wa huko ilikuwa sherehe. Baadhi ya wanasiasa wa upinzani wakasema ni njama ya kuvuna kura za 2027, na wengine wakaogopa wageni watapenya. Sasa jiweke mahali pa kijana wa Tarbaj. Chama chenye umeambiwa maisha yako yote kwamba kinatetea wanyonge kinasita kuhusu kipande chako. Chama kingine chenye pengine hukukipigia kura ya urais ndo kimekupa. Utajibu aje ukiulizwa unaamini nani?

Wengi watajibu hivi: kwa kitambulisho, huyu amefanya, kwa bei ya vitu, hakuna kitu, kwa polisi, wacha tu. Hiyo si kuchanganyikiwa. Huyo ni mpiga kura anayesoma kila karatasi peke yake, na ningependa tuwe na wengi kama yeye hapa mtaani.

Chama ni gari tu

Kuhusu zile chaguzi tatu na vyama vitatu. Wajir, kama Mandera, siasa hupikwa kwanza kwa ukoo. Wazee wanakaa, wanagawana viti, huyu apewe ugavana, yule useneta, hawa ubunge, halafu aliyepewa anatafuta chama cha kumpeleka. Watu huita hiyo demokrasia ya maelewano. Imezuia damu mara kadhaa, hiyo lazima tuseme. Pia imefungia vijana na wanawake nje ya mlango, maana kile kikao huwa cha wazee wanaume. Kwa hivyo ukihesabu kura za UDA Tarbaj halafu useme "Tarbaj inaamini UDA," umehesabu magari ukidhani ni abiria.

Na huku juu mambo yenyewe yamevurugika. Baada ya maandamano ya Juni 2024 na mswada wa fedha kutupwa, watu wa ODM wakaingia kwenye baraza la mawaziri: Mbadi, Joho, Wandayi, Oparanya. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano pale KICC. Oktoba mwaka huo Raila akafariki. Ukimuuliza mtu wa Wajir sasa hivi anaamini chama tawala ama upinzani, atakuuliza kwanza: ODM tumeiweka upande gani? Gavana wake ni wa ODM, mbunge wake wa UDA, na wote wako serikali moja jumuishi.

Sheria ya 2012 inasema anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi lazima aseme nani alilipa, watu wangapi waliulizwa na makosa ni kiasi gani, na siku tano za mwisho kabla ya kura hakuna kuchapisha. Kwa hivyo 2027 ikikaribia na grafu zianze kumwagika, hizo namba zitakuwa hapo chini kwa maandishi madogo. Tafuta mstari wa kaskazini. Angalia ni watu wangapi.

Hapo katikati kuna kijana wa Tarbaj aliyefika 18 baada ya lile tangazo, akaenda kwa ofisi ya usajili bila babu yake. Hajawahi kuulizwa kitu na mtu yeyote. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027, na safari hii jina lake linaweza kuwa kwa daftari.