Kiraka cha Bandia katika Kadi ya Kweli

Huko Marekani wakubwa kwa wadogo hukusanya kadi zenye picha za wanamichezo, na baadhi ya kadi hizo huuzwa kwa maelfu ya dola. Mnamo mwaka 1997 kampuni ya Upper Deck ilianza kutia katika kadi za mpira wa kikapu vipande vya jezi zilizovaliwa mchezoni. Kipande cha rangi moja hakina bei kubwa. Chenye rangi tatu, au kilichokatwa kwenye nembo, hugombewa.

Hapo ndipo walanguzi walipopata mwanya. Kadi yenyewe hawaighushi. Huipasua taratibu, wakatoa kitambaa cha asili, wakapachika kiraka cha rangi kutoka jezi ya dukani, kisha wakaigandisha tena. Mnunuzi akichunguza karatasi, chapa na namba, vyote huviona sahihi, na kweli ni sahihi! Hana budi kuilinganisha na picha za kadi nyingine za toleo lile lile, na kutazama kama kingo za kidirisha zina alama za gundi.

Lakini sisi hatuwalaumu walanguzi peke yao. Siku hizi kadi kadhaa zimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba kitambaa kilichomo hakihusiani na mchezo wala mchezaji yeyote maalumu. Ikiwa mwenye kiwanda mwenyewe hakitolei ushahidi kitambaa chake, mnunuzi aliyelaghaiwa atadai amenyang'anywa nini?