Timu Zisizo na Mji: Robert Jaworski na Ligi ya Ufilipino

Ligi ya mpira wa kikapu ya Ufilipino, maarufu kwa kifupi cha PBA, ilianza mwaka 1975 ikiwa ligi ya kwanza ya kulipwa barani Asia, na tangu hapo timu zake haziwakilishi miji, bali ni mali ya kampuni ambazo huzipa majina ya bidhaa zao. Timu ya namna hiyo haina uwanja wa nyumbani, na mwenye mali anaweza kuiuza, kuibadili jina au kuivunja kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuelewa mapenzi makubwa ya mashabiki wa nchi hiyo hana budi kuwatazama wachezaji wenyewe, na wa kwanza miongoni mwao ni Robert Jaworski.

Jaworski, aliyezaliwa Baguio mwaka 1946, alikuwa mlinzi, yaani mchezaji anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake. Aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968; mwaka 1971 alifungiwa maisha kwa kuwashambulia waamuzi, lakini adhabu hiyo ikaondolewa, naye akawemo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Asia jijini Manila mwaka 1973. PBA ilipoanza aliichezea Toyota, iliyoshindana vikali na Crispa, timu ya kampuni ya nguo, na mwaka 1978 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa msimu.

Mwaka 1984 Toyota ilijitoa na timu ikauzwa pamoja na wachezaji wake, lakini Jaworski alikataa kuhamishwa kwa mkupuo huo, akajiunga na timu ya watengenezaji wa jini ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Ginebra. Huko alifanywa kocha-mchezaji, yaani mtu anayepanga mbinu, kuamua nani aingie na nani atoke, na wakati huohuo kucheza mwenyewe. Katika mchezo mmoja wa mwaka 1985 alipigwa kiwiko mdomoni, akapelekwa hospitali kushonwa, kisha akarudi uwanjani na kuiongoza timu iliyokuwa nyuma hadi ikashinda. Tangu siku hiyo kutokata tamaa kukawa ndiyo itikadi ya Ginebra na ya wafuasi wake, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1986, na Jaworski aliendelea kuingia uwanjani hata baada ya kutimiza miaka 50.

Uzito wa uhusiano huo ulidhihirika mwaka 1998, alipochaguliwa kuwa seneta. Maseneta wa Ufilipino hawana majimbo, bali hupigiwa kura na taifa zima, na mtu aliyetumia miaka zaidi ya 20 katika timu zisizo na mji alikuwa tayari ana wafuasi katika kila kisiwa. Kampuni zilimiliki majina na mikataba, ila utiifu wa mashabiki ulijengwa na mchezaji ambaye mwenendo wake waliuona kuwa wao.